Kasukuma Fungu Lote, Umeme Ukakatika: Nilipe au Nitupe Karata?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 34, naishi Kirumba hapa Mwanza na nafanya biashara ya dagaa. Nanunua mwaloni, naanika, natia kwenye magunia, wenzangu wanakuja kubeba kupeleka mikoani. Nina mke na watoto wawili. Sinywi, sivuti. Ugonjwa wangu ni karata.

Kama unavyojua, dagaa hufuata taa gizani. Mwezi ukijaa taa hazivuti kitu, mitumbwi inapumzika siku kadhaa, na siku hizo ndizo zetu. Tunakutana watu watano sebuleni kwa jamaa mmoja huko Pasiansi, tunacheza poka, ile ya karata mbili za siri kwa kila mtu na tano za wazi mezani. Pesa yetu ni vizibo vya soda, kizibo kimoja shilingi 500. Unaingia na 20,000, ukiishiwa unaruhusiwa kuongeza. Mwenye nyumba anachukua 1,000 kwa kila kichwa, ya chai na umeme.

Mmoja wetu tunamwita Bosi. Ana mitumbwi mitatu na ndiye ninayenunua kwake dagaa mara nyingi. Ni mkubwa kwangu kama miaka kumi. Bosi haweki vizibo, anavibamiza. Hakuna usiku ambao hajasukuma zote angalau mara tatu, na mara zote watu wanatupa karata yeye anakusanya huku anacheka. Hata mwaloni yuko hivyo hivyo: akishataja bei ameshageuka kuongea na mtu mwingine.

Mbalamwezi iliyopita niliingia na 20,000, ikaisha kabla ya saa tatu usiku. Nikaongeza 20,000 nyingine. Hiyo ya pili mke wangu haijui. Bahati ikanigeukia, kufikia saa tano nilikuwa na 100,000 kamili mbele yangu. Bosi alikuwa nazo zaidi.

Zamu ya kugawa ikafika kwangu. Nikapata ree ya shupaza na malkia wa uru. Wale wawili wa kushoto kwangu wakaweka dau la lazima, 500 na 1,000. Bosi akapandisha hadi 3,000, nikafuata, wengine wakajitoa. Mezani 7,500. Zikafunguliwa tatu: malkia wa shupaza, saba ya shupaza, nne ya kopa. Nina jozi ya malkia na ree juu yake! Bosi akaweka 5,000, nikafuata. Ya nne ikawa mbili ya pau. Akaweka 12,000, nikafuata. Mezani zikawa 41,500. Ya tano, tisa ya uru. Bosi hakufikiri hata kidogo, akakumbatia fungu lake lote akalisukuma katikati. Mimi nilibakiwa na 80,000. Nikitaka kuona karata zake lazima niziweke zote.

Nimeshika kichwa hivi, umeme ukakatika. Tukawasha tochi za simu. Kabla sijasema neno simu ya Bosi ikalia: upepo umeamka ziwani, mtumbwi wake mmoja umekata nanga. Akainuka, na sisi tukainuka, maana mtumbwi wa mtu hauachwi. Ila kabla ya kutoka tulikubaliana mbele ya wote. Karata zake zikaingia kwenye bahasha yake, zangu kwenye yangu, zikatiwa gundi na kusainiwa, ziko kabatini kwa mwenye nyumba pamoja na vizibo. Za mezani tulizipiga picha. Mbalamwezi ijayo tunaendelea pale pale, na neno ni langu.

Akiwa mlangoni akanigeukia, akacheka: "Lipa tu, mdogo wangu, ujue." Siku tatu baadaye mwaloni akaniuzia ndoo za dagaa kwa bei ambayo hajawahi kunipa. Mpaka leo sijui maana yake. Ananilainisha? Anajua amenidanganya?

Shangazi, silali. Upande mmoja naona Bosi ni mtu wa mkwara, lazima anadanganya. Tena ree ya shupaza ninayo mimi, kwa hiyo shupaza zake hazina nguvu. Na pesa yenyewe ni ya ushindi, mimi nilileta 40,000 tu. Upande wa pili, 80,000 naijua uzito wake nikiwa najaza magunia. Nikitupa, atanicheka mwalo mzima. Nifanyeje?

Mwenye bahasha, Kirumba

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma mara mbili, halafu nikamwita kijana wa dada yangu anayeujua mchezo huu. Mimi nimekulia kwenye lastikadi, na jioni mbili za kukaa naye mkekani zimenifunza kwamba kwenu kuna hesabu nyingi kuliko kelele. Nitakuambia tuliyoyaona. Lakini kwanza jambo moja ambalo hukuliuliza.

Kwenye meza za poka duniani ipo kanuni kwamba karata za mtu zinachezwa na mtu mmoja. Mchezo ukiwa unaendelea huombi ushauri kwa aliyesimama nyuma yako, na mchezo wenu bado unaendelea, umelala tu kabatini. Bosi kuzisoma karata zako hapa hakumpi kitu, kwa sababu yeye keshaweka zote, hana neno lililobaki. Wewe ndiye unayefaidika kwa kuniuliza. Kwa hiyo sitakuambia lipa wala tupa. Na ningefurahi kama kabla bahasha hazijafunguliwa ungewaambia wenzako kwamba uliniandikia. Wakisema mchezo ule ufutwe na kila mtu arudishiwe alichoweka, utakuwa umejua mapema. Wakisema endelea, utakaa ukiwa huna kitu cha kuficha pale mezani.

Sasa tuingie mezani. Unaulizwa kuweka 80,000 ili upate 121,500, yaani 41,500 zilizokuwepo na 80,000 zake. Ukishinda unaondoka na 201,500. Gawanya 80,000 kwa hiyo, unapata karibu asilimia 40. Maana yake ni hii: kulipa kunakuwa na faida kama katika kila mara tano Bosi akifanya hivi, wewe uko mbele mara mbili au zaidi. Huhitaji uwe mbele mara nyingi kuliko yeye. Lakini mara moja katika tano haikutoshi. Kama angeweka dau dogo, tuseme 20,000 kwenye fungu lile lile, ungehitaji kuwa mbele chini ya mara moja katika nne. Ule ukubwa wa dau unaokukosesha usingizi unabadilisha hesabu pia, haubadilishi moyo peke yake.

Hapa ndipo ninapotaka kukuuliza kitu, mwanangu. Unasema Bosi ni mtu wa mkwara. Umezihesabu mara ulizoziona karata zake?

Rudi kwenye barua yako. Wewe mwenyewe umeandika kwamba anaposukuma zote watu wanatupa, naye anakusanya akicheka. Basi karata zake zinarudi kifudifudi kila mara. Mnachokijua nyote watano ni kishindo cha vizibo. Mtu anayebamiza mara tatu kwa usiku anaweza kuwa anadanganya zote tatu, na anaweza kuwa mtu anayeshika karata nzuri mara tatu kwa usiku na amegundua kwamba kubamiza kunalipa. Huyo wa pili mtamwita wa mkwara vile vile, maana hakuna aliyewahi kulipa aone. Kabla ya mbalamwezi, kaa uandike kwenye daftari mara zote ulizoshuhudia karata za Bosi zikifunguliwa baada ya yeye kuweka zote. Zikifika nne na mbili kati yake zilikuwa hewa, una kitu cha kushika, japo ni kidogo. Zikiwa sifuri, uliyonayo ni sifa za mtu tu.

Kijana wangu alinisimulia ya Las Vegas, mashindano makubwa ya dunia ya poka mwaka 2003. Walibaki wawili, Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, na Sammy Farha, mchezaji mzoefu. Farha alikuwa na jozi ya tisa, na tisa ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote za mezani, kama malkia wako. Moneymaker alikuwa na mfalme na saba, anasubiri shupaza moja au karata ya kuunganisha mfululizo, na ya tano ikamnyima vyote. Akasukuma zote. Farha akamuuliza kwa sauti kama shupaza zake zimekosa. Maana yake alishahisi! Na bado akatupa. Moneymaker akawa bingwa na dola 2,500,000. Sikusimulii ili ulipe. Nakusimulia kwa sababu dunia nzima inajua kwamba ule ulikuwa mkwara: kamera zilizionyesha karata zake. Sebule ya Pasiansi haina kamera, na ndiyo maana sifa za Bosi zinakua bila mtu wa kuzipima.

Tuje kwenye ree yako ya shupaza. Unaishika kama hirizi, nami nakuomba uitazame tena. Mezani kuna shupaza mbili tu, kwa hiyo hakuna mtu mwenye shupaza tano za kuipiga jozi yako. Ukisema shupaza zake hazina nguvu, unajihami na jambo lisilokuwepo. Kinachokuhusu ni hiki: kama Bosi anadanganya, njia rahisi kuliko zote ni kwamba alikuwa na shupaza mbili mkononi, akasubiri ya tano, ikakosa. Wewe ukiwa huna shupaza hata moja, zingebaki 11 zisizoonekana, na jozi zinazoweza kutoka humo ni 55. Kwa kuwa ree unayo wewe, zimebaki 10, na jozi ni 45. Zile 10 zilizofutika zote ni za ree, ndizo hasa watu wanapenda kupandisha nazo. Kwa maneno mengine, karata inayokupa ujasiri imepunguza nafasi ya Bosi kuwa anadanganya. Kijana aliponionyesha hili nilimkatalia, mpaka tulipozitandaza mkekani.

Wakati huo huo ree yako na malkia wako vinakusaidia upande mwingine. Anayekupiga ni nani? Ree mbili: zingekuwa njia sita, zimebaki tatu. Wafalme wawili: njia sita. Malkia wawili: njia moja tu, maana mmoja uko naye na mwingine uko mezani. Tisa mbili, saba mbili, nne mbili, mbili mbili, hizi za tatu sawa: njia tatu kila aina, jumla 12. Ukijumlisha zote ni 22. Nimeziacha zile za jozi mbili, kama malkia na tisa, kwa sababu sijui Bosi anapandisha na karata za namna gani. Wewe ndiye unayejua, ziongeze.

Kwa hiyo 22 zinakupiga. Ili uwe mbele mara mbili katika tano unahitaji zipatikane kama 15 za hewa. Kwenye zile jozi 45 za shupaza, 15 ni theluthi. Swali lako lote, mwanangu, tukiliondolea vumbi, ni hili: Bosi akiwa na shupaza zilizokosa, je, ni mtu wa kusukuma zote zaidi ya mara moja katika tatu, au anachoka njiani kwenye karata ya nne? Kumbuka hapandishi na kila shupaza mbili, na wengine hujipooza wakiona umewafuata mara mbili. Hilo sitalijua nikiwa huku. Hata wewe usilijibu usiku wa manane.

Kuna upande ambao barua yako haikuugusa kabisa. Yeye anakuonaje wewe? Ulifuata, ukafuata, ukafuata. Hukupandisha hata mara moja. Mtu mwenye macho anajua hapo kwamba una jozi nzuri na si zaidi. Kama Bosi anakuona mtu wa kukubali, kama unavyokubali bei yake mwaloni, basi ana sababu ya kukutisha. Kama anakuona mtu asiyeachia malkia hata kwa fimbo, hana sababu ya kudanganya, na "lipa tu, mdogo wangu" ni ushauri mzuri kutoka kwa mtu mwenye tisa tatu. Ile kauli ya mlangoni mimi nisingeijengea nyumba. Mwenye karata kubwa husema hivyo akitaka ulipe, mwenye hewa husema hivyo akitaka uogope, na mwenye mtumbwi unaokokotwa na mawimbi anasema lolote.

Na zile ndoo za bei rahisi. Umeshazifanya ishara. Siku tatu kabla, mtumbwi wa mtu huyo ulikata nanga usiku wa upepo. Hukufikiri kwamba huenda anahitaji pesa ya haraka ya mbao, lami na fundi? Inawezekana kabisa hakuwaza karata hata kidogo.

Pesa sasa. Unasema ni ya ushindi, wewe ulileta 40,000 tu. Mwanangu, ungeinuka usiku ule dakika moja kabla ya mgao huo, ungetembea Kirumba ukiwa na 100,000 mfukoni na hakuna muuza duka ambaye angekuuliza zimetokea wapi. Zile 80,000 ni zako kama zilivyo zako za magunia. Hii haisemi usilipe. Inasema tu kwamba ukilipa, ulipe kwa sababu ya zile 15 dhidi ya 22, na usilipe kwa sababu unaona pesa haina mwenyewe. Vile vile 20,000 uliyofuata kwa Bosi tangu mwanzo wa mgao ule imeshatoka mkononi. Isikuvute.

Kuhusu kuchekwa, ukitupa atacheka, sikufichi. Anacheka hata sasa. Ukilipa ukashindwa atacheka zaidi, na kesho yake mtaonana mwaloni kwenye ndoo. Ukilipa ukashinda, jiulize kama mwenye mitumbwi mitatu aliyepigwa mbele ya watu atakuuzia kwa bei gani wiki inayofuata. Inawezekana akakuheshimu zaidi, inawezekana akakununia. Mimi nahisi, na ni hisia tu, kwamba sehemu yako moja inataka kulipa ili ujibu ile tabia yake ya kutaja bei na kukugeuzia mgongo. Ni hasira halali. Lakini yale mazungumzo ya bei yana mahali pake, asubuhi, pale mtumbwini, na hayahitaji malkia wa uru.

Kwa michezo ijayo, kama ipo, kijana anasema bahati yako ni kukaa kushoto kwa Bosi, maana anasema kabla yako. Usihame kiti hicho. Na angekushauri siku nyingine ukiwa na ree na malkia umrudishie palepale mwanzoni, tuseme 9,000 juu ya 3,000 zake, ujue mapema yukoje. Hatari yake ni kwamba fungu linavimba mapema, na akikurudishia tena utakuwa na swali hili hili mapema zaidi. Kufuata tu kama ulivyofanya si kosa, kunampa nafasi ya kudanganya. Ila ukimpa mtu nafasi ya kudanganya, jiandae na yale makelele yake.

Niseme na la nyumba ile, kwa kifupi. Michezo ya kubahatisha nchini iko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kwa sheria ya mwaka 2003, na kuendesha mchezo wa pesa kunataka leseni. Mwenye nyumba anayekusanya 1,000 kwa kila kichwa anaona ni ya chai. Afisa anaweza kuiona vingine. Zungumzeni, mcheze vizibo vitupu kama mnaweza.

Lililonigusa zaidi kwenye barua yako ni sentensi fupi: hiyo ya pili mke wangu haijui. Hukuulizwa, uliandika mwenyewe. Mwambie kabla ya mbalamwezi, si baada ya bahasha kufunguliwa. Ukimwambia ukiwa umeshinda atasikia ushindi, na ukimwambia umeshindwa atasikia hasara, lakini ukimwambia sasa atasikia 20,000 na mume aliyekuja kusema. Anaweza kukasirika akakuzuia usiende kabisa. Hapo utakuwa na uamuzi mwingine mgumu kuliko huu wa malkia, nami nitakuwepo ukitaka kuniandikia.

Basi tafuta pakiti ya karata, mkeka, na saa moja watoto wakiwa wamelala. Toa zako mbili, toa tano za mezani, halafu zipange zile 22 upande mmoja na za shupaza upande wa pili. Muite na mkeo aone unavyohesabu, huenda akamjua Bosi kuliko unavyodhani, maana wake za wanunuzi husikia mengi mwaloni.

Na huo mtumbwi uliokata nanga, mwanangu, ulipatikana? Barua yako haikusema.